Brauza Iliyofungia Programu

Wiki nzima Nesi Mbinya alimtazama yule fundi wa kompyuta aliyeletwa wodini kwao Kitui, mwaka wa tisini na tisa. Kila kosa lilipotokea kwenye skrini fundi alilisoma kwa sauti ya chini, kama anayemjibu mgonjwa, kisha akajipangusa viganja kwenye suruali. Majibu ya maabara yalikuwa kwenye kompyuta ya Nairobi, na programu yake ya kuyaomba ilikataa kufanya kazi ndani ya brauza, ile ya kufungulia kurasa za mtandao. Wagonjwa walikuwa wakingoja.

“Kwani shida ni gani?” Mbinya aliuliza.

“Sista, brauza imeifungia. Inairuhusu kuongea na kompyuta ilikotoka tu, hii ya hapa hospitali. Ya Nairobi, hapana.”

Alhamisi fundi akaipanga kompyuta ya hospitali iombe majibu kwa niaba ya programu. Jina la kwanza likatokea: Ndila Kivuva, kala-azar, ugonjwa unaoua usipotibiwa. Dawa yake ilikuwa kabatini.

Fundi akainuka, akitabasamu kwa mara ya kwanza. “Huyu yuko kitanda gani?”

“Alizikwa jana.”

Akaketi polepole.

“Nisomee anayefuata,” Mbinya akamwambia.

Fundi akajipangusa viganja kwenye suruali, akasoma jina la pili.