Msiba wa Mzee wa Leso za Karatasi

Siku meneja alipotugawia fulana nyeusi zenye uso wa mzee kifuani, sisi Wakongo wa kiwandani tulitazamana. Kwetu mtu akifariki, watu wa nyumbani huchapisha picha yake kwenye fulana au kitenge, na wote wanavaa. Chini ya ile picha ya mzee kulikuwa na maandishi ya dhahabu kwa Kijerumani. Hatukuyaelewa, ila yalionekana ya huzuni.

"Ijumaa familia yenyewe inakuja kutoka Ujerumani," meneja alisema. "Mashine zitazimwa saa sita mchana. Leteni na watu wenu wa nyumbani, chakula kitakuwepo."

Niambie wewe ungeelewa nini.

Kiwanda kilikuwa Jeffersontown, huku Amerika, ukitoka Louisville unafika kabla hujamaliza kugombana na mtoto wako kuhusu redio ya gari. Tulitengeneza sahani za karatasi za sherehe na leso za karatasi, zile za kufutia mdomo ukila kuku. Wenye kiwanda walikuwa familia moja ya Kijerumani, baba kwa mwana. Mimi nilisimama mwisho wa mashine ya kukunja, napokea bunda, nalivalisha plastiki, naita linalofuata.

Kazi yenyewe sikuichukia. Nilichochukia ni Jumapili. Mashine zilizunguka Jumapili kama siku nyingine yoyote, na waimbaji saba wa kwaya yetu walikuwa pale pale kwenye leso. Kwaya ile tuliianzisha kambi ya wakimbizi, tukiwa na ngoma moja na viatu vya kuazimana. Tulipoletwa Amerika tulitawanyika: wengine Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Sisi wa Louisville tulijikusanya upya, nami nikiwa kiongozi. Lakini ikifika Jumapili nilikuwa napungia mikono viti vitupu na besi mmoja mwenye mafua, au mimi mwenyewe niko kazini na hakuna wa kupunga. Nilimwomba meneja mara nyingi. Alijibu kwa upole kwamba mashine haijui Jumapili. Niliona kabisa kwaya yangu inakufa, na iliniuma kuliko nilivyomwambia mtu.

Basi, msiba. Kwetu mfiwa humwulizi, "Ati ni kweli?" Unamshika mkono unanyamaza. Nilimfuata meneja, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia ajikaze. Akasema anajikaza, ni keki tu ndiyo inayomsumbua. Nikamhurumia zaidi.

Habari niliitia kwenye kundi la simu la kwaya. Kabla sijaweka simu chini, shangazi yangu alipiga kutoka Buffalo. Huyu shangazi alikaa huko mtaa wa Lower West Side na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, lakini kipaji chake ni kulia. Akilia msibani, hata mtu aliyekuja kudai deni anatafuta leso.

"Donc mzee yenu amekufa na munataka mulie bila miye?"

"Tantine, ni mbali."

"Mbali ya wapi? Barabara iko."

Alipata lifti mpaka Columbus, akalala huko, akabeba waimbaji wawili wa zamani waliokuwa wakifanya kazi ghalani, pamoja na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa kwa shuka. Alhamisi jioni walikuwa sebuleni kwangu, wanafanya mazoezi ya nyimbo za maombolezo. Jirani aligonga ukuta, shangazi akadhani anatusaidia na mdundo.

Mchungaji wetu alinipa jukumu la historia ya marehemu. Msiba bila kusomewa historia ya marehemu kwetu si msiba, ni watu waliokaa tu. Bahati nzuri historia ya familia ilikuwa imetundikwa kwenye korido ya kwenda kantini, picha na maelezo ya Kiingereza. Nilikuwa naipita kila siku bila kuijali. Sasa kila mapumziko nilisimama pale na sandwichi yangu, nasoma nikirudia mpaka nikaishika kichwani.

Mzee alianza katika banda lililokuwa la ng'ombe, na mashine moja ya kukata karatasi za kuwekea keki, zile zenye matundu kama lesi. Ng'ombe hakuhamishwa mara moja, kwa hiyo karatasi za mwanzo zilinuka, na mwokaji wa pale mjini akazirudisha. Mkewe ndiye aliyepata wazo la kuzipiga marashi. Watoto wao wawili wa kiume waligombana kama leso ikunjwe mraba au pembetatu, wakawa hawasemeshani, wanatumana kupitia mama yao akiwa katikati ya meza na supu. Vita vilipokuja kiwanda kiliungua, wajukuu wakakijenga upya kwa matofali ya kuokota. Na miaka yote hiyo, nyumbani kwao walifuta midomo kwa vitambaa, kwa sababu bibi alisema za karatasi ni za kuuza. Hapo nilicheka peke yangu koridoni. Ni kama mama yangu na mayai yake ya kuuza.

Halafu nikafika kwenye picha moja ndogo. Mzee amevaa suti, amesimama mbele ya mlango uliofungwa, anampa mchungaji ufunguo. Maelezo yalisema kila Jumamosi jioni alimkabidhi mchungaji ufunguo wa kiwanda mpaka Jumatatu, kwa sababu Jumapili hakutaka mashine izunguke na nafsi yake mwenyewe hakuiamini. Niliisoma mpaka sandwichi ikakauka.

Utauliza, na miaka sikuiona? Niliiona. Nilipiga hesabu nikapata mzee wa miaka mia moja na hamsini hivi. Nikamwuliza shangazi, kwa kuwa wazee ndiyo kazi yake.

"Wazee ya huku habakufake mbiyo," alisema, yaani hawafi upesi. "Miye niko nabaosha kila siku, najua."

Ijumaa tuliingia kantini kwa mstari, wote tumevaa nyeusi tii, shangazi mbele. Mezani kulikuwa na picha kubwa ya mzee, maua, na keki yenye mishumaa. Yote sawasawa. Ila juu ya keki yalining'inia maputo, mekundu na ya njano.

"Tantine," nikanong'ona, "mbona ballons?"

"Bazungu banaliaka na ballons. Wewe haukujua?"

Meneja alisimama na mama mmoja wa Kijerumani, nywele fupi nyeupe, koti jekundu. Akasema, "Leo tuko hapa kwa ajili ya mzee wetu mpendwa..." Hakumaliza. Shangazi aliachia. Ilikuwa sauti iliyotoka Buffalo na haikuwa imesimama popote njiani. Mtu wa forklifti aliangusha soda. Akina mama wakadaka, besi wakashika chini, na kwaya yangu, yote, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ikaimba mahali pamoja. Nilisahau kama nipo msibani, jinsi nilivyofurahi.

Wimbo ulipoisha nikasogea mbele, nikatoa historia ya marehemu kwa Kiingereza changu cha kazini. Nilisema ng'ombe, nikasema marashi, nikasema pembetatu na supu. Nilipofika kwenye ufunguo nilimwangalia meneja, nikairudia mara ya pili, polepole: Jumapili hakutaka mashine izunguke. Nikamalizia kama inavyopaswa, kwamba mzee aliugua kwa muda mfupi na ametuachia pengo lisilozibika.

Puto moja likapasuka.

Meneja akaniinamia sikioni. "Huyu mzee alifariki zamani sana. Kabla bibi yako hajazaliwa. Leo ni sherehe ya kuzaliwa kwa kampuni."

Nilitamani mashine ya kukunja inikunje, iwe mraba au pembetatu, mimi nisingechagua. Nikamtafsiria shangazi, maana wote walikuwa wanatungoja. Akafuta uso, akaikazia macho ile familia ya Kijerumani.

"Bon," alisema kwa sauti. "Tumechelewa. Lakini tumefika."

Nililazimika kuisema kwa Kiingereza. Yule mama wa koti jekundu alicheka mpaka akakaa, kisha kicheko kikageuka kilio. Akachukua leso ya karatasi, akaitazama kama anayeomba ruhusa kwa yule bibi wa vitambaa, akajifuta nayo. Mzee alikuwa baba wa babu yake. Alisema hajawahi kumsikia mtu akimtaja kama mtu, ila kama jina la kwenye boksi. Halafu akamgeukia meneja.

"Na sisi hapa, Jumapili tunafanyaje?"

Meneja aliitazama keki.

"Mashine zinazunguka," nikajibu mimi, kwa kuwa yeye alichelewa.

Tulikula keki na sombe kwenye sahani zetu wenyewe. Shangazi alimlisha meneja kwa mkono wake, akamwambia amekonda kwa ajili ya huzuni, na meneja hakubisha.

Kabla majani hayajaanguka mwaka ule, tangazo lilibandikwa koridoni, chini ya ile picha ndogo: Jumapili kiwanda kitafungwa.

Jumapili ya kwanza nilifika kanisani mapema, nikasimama mbele ya viti na kungoja. Wakaja mmoja mmoja, wote saba, wamepiga pasi, hakuna anayenuka gundi. Nikainua mkono kuanzisha wimbo, nikaushusha. Nililia pale mbele ya watu, kilio halisi, kwa ajili ya mzee wa mbali aliyemwachia mchungaji ufunguo.

Nilipompigia shangazi kumsimulia, hakuuliza kwaya iliimbaje.

"Ulilia muzuri?"

"Vizuri sana, Tantine."

"Bon," akasema. "Sasa mzee amezikwa."