Kibuyu cha Mbegu cha Mukonyo

Mama yangu Mukonyo alinikasirisha maisha yake yote, na leo hayupo lakini bado ananikasirisha. Mgeni hakutoka kwake mikono mitupu, hata kama sisi tungelala njaa. Waulize watu wa huku kwetu, mashariki ya Thika. Watacheka kwanza.

Ilikuwa katikati ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni. Mvua ilikuwa imetukwepa misimu miwili. Mahindi ya mbegu, yale tunayoning'iniza juu ya moshi wa jiko, tulikuwa tumeyashusha tukayapika. Ndipo chifu akachagua akina mama kumi waende Ruiru, kwenye shamba la mfano, wakafundishwe kupambana na njaa. Mama akawemo. Nami nikamsindikiza kwa sababu ya magoti yake.

Pale Thika askari alitushusha kwenye lori, akachokora viondo vyetu, hakupata kitu, akatufokea tu. Lakini Ruiru! Mteremko kama wetu, jua lile lile, na mahindi yamesimama. Bwana shamba aliitwa Bedan, kijana mwenye kaptula ya pasi na hasira za karibu. Alituonyesha matuta ya kuzuia maji, jinsi ya kuozesha samadi na majani makavu, na kupanda kwa mistari. Mama alichota udongo, akaunusa, akalia mbele za watu.

"Wayua," akaniambia, "kumbe hatukulaaniwa. Ni udongo tuliuacha ukaenda na maji."

Tulipoondoka, kila mama alipewa kibuyu kimoja cha mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi.

"Sikizeni, mama zangu," Bedan akasema. "Hii si chakula. Panda yote kwako. Nitakuja kuangalia. Ikimea, msimu ujao nitakupa ya shamba zima. Nisipoiona, nafasi yako nampa mwingine."

Wiki tatu tulichimba matuta. Mikono yangu ilitoka malengelenge, ya mama ikatoka damu. Kibuyu kilining'inia juu ya jiko, na mimi nilikitazama kila nilipoamka.

Sasa, kwetu mtu akitoka safari majirani huja kumpokea, naye huwagawia alichorudi nacho. Usipogawa, umewakana. Wakaja, leo mmoja, kesho wawili. Mama akachota konzi moja kwa kila mtu. "Ukapande," anasema.

Nilimvuta kando. "Mwaitu, mama yangu, una wazimu? Hukumsikia bwana shamba?"

"Nilimsikia. Wewe unataka nikae na kibuyu wakiniangalia?"

Wa mwisho alikuwa Mbithe, jirani wa ua kwa ua, amembeba mtoto aliyevimba miguu kwa njaa. Mama alikiinamisha kibuyu mpaka punje ya mwisho. "Ukapande," akasema tena, lakini hakumtazama usoni. Alijua. Mbithe alijua. Hata mimi nilijua, na nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Mvua ilinyesha Jumanne. Ijumaa Bedan akafika kwa baiskeli, na majirani wakajaa kumwona. Alipima matuta yetu kwa kamba yake, akatabasamu.

"Mama, hata Ruiru hatuna matuta kama haya. Umepanda lini?"

"Sikupanda. Mbegu tulikula."

"Nani walikula?"

"Mimi na binti yangu."

Ngai wangu! Nilifungua mdomo niwataje mmoja mmoja, na wote walikuwa pale, wanatazama miguu yao. Mama alinibana mkono kwa vile vidole vyake vya vidonda mpaka nikafunga mdomo. Bedan alitikisa kichwa, akatoa daftari, akakata jina la mama.

"Umekula msimu mzima kwa sufuria moja, mama," akasema, akapanda baiskeli yake. Mbithe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka.

Msimu ule mvua ilikuwa nzuri kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Matuta yetu yalishika maji vizuri kabisa, yakaota majani, marefu, mabichi, mistari imenyooka kama Bedan alivyotufundisha. Mimi nilikuwa nikipita pale nalia kwa hasira.

Siku moja nikamkuta mama ameinama, anayakata majani yale. Nikadhani amechoka kuyaona. Akafunga mzigo, akajitwisha.

"Unapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Mbithe," akasema. "Mbuzi wake hajala."