Siku Niliyowalisha Wakwe Mboga Iliyoungua

Mkinisikia nacheka ninapoisimulia hii, msidhani haikuniuma. Iliniuma, tena mbele ya watu, na kwa kuwa watu wa Mosocho hawasahau, hadi leo nikipita sokoni kuna mama muuza ndizi ambaye lazima aniulize, "Ombati, leo umepika au umechoma?" na wenzake wanaangua kicheko, nami nacheka nao, maana nifanyeje, nilichoma kweli.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mpishi. Si wa hoteli, mimi ni yule anayeitwa kukiwa na harusi au matanga, msimamizi wa zile sufuria za kuingia mbuzi mzima. Kazi hiyo nilifundishwa na Mama, kwa sababu dada zangu wakubwa walikuwa wameshaolewa na Kwamboka, kitindamimba wetu, alikuwa bado ananyonya, ikabidi mimi mvulana nikae jikoni (wenzangu walinicheka mpaka siku walipoonja). Mama hakupima kitu kwa kijiko, alifundisha kwa pua. "Nyamaza uisikie," alikuwa akiniambia, kana kwamba mboga inaongea, na kweli nikajifunza kuisikia: chinsaga, ile mboga yetu chungu ya kuchemshwa na maziwa, huanza na harufu kali ya majani mabichi, halafu inapoa, halafu maziwa yanachukua nafasi, na hapo ndipo unapunguza kuni. Ah, siku zile! Nikitoka shule, nikiwa bado kule chini mtoni, nilijua nyumbani kunapikwa nini. Mvua niliijua kabla haijaanguka. Ndizi zikianza kuiva darini, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupanda.

Sasa sigara. Nilianza ujanani, nilipokuwa napima majani chai upande wa Nyamira, asubuhi za ukungu, meno yanagongana, wenzangu wote wanavuta, nikasema moja tu ya kupasha mwili moto. Nyumbani sisi ni Waadventista, sigara haitajwi, basi nikawa mvutaji wa kujificha, fundi wa kutafuna majani ya mpera na maganda ya limau. Kikohozi cha asubuhi nilikiita baridi. Nikipanda kilima cha kwetu nilisimama katikati nikijifanya natazama mashamba ya watu (kumbe natafuta pumzi). Na mke wangu Moraa akisema nimezidisha chumvi, nilimwambia chumvi ya siku hizi haina nguvu.

Basi Kwamboka akapata mchumba, Otieno, kijana mpole kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akifanya kazi Kisii mjini. Ikapangwa siku ya watu wake kuja kwetu. Asubuhi hiyo Mama akanishika mikono, yake ikitetemeka kwa uzee, akasema, "Mimi siwezi tena kusimama motoni. Chinsaga ya wageni wa mtoto wangu uipike wewe, kama ninavyoipika mimi."

Nikavimba kichwa. Nikawafukuza wote jikoni, nikasema hapa hapahitaji mkutano. Nyama ikawa tayari, chinsaga nikaiacha kwenye chungu cha Mama ichemke taratibu, na hapo, kwa sababu ya wasiwasi wa wageni, mkono ukaanza kutafuta mfuko wa shati. Nikasema moja tu, nitarudi kabla maziwa hayajapanda. Nikazama nyuma ya migomba.

Sijafika hata nusu, nasikia sauti. Wageni walikuwa wamefika mapema, na Baba mdogo Nyakundi, mzee wa kanisa, ndiye anayewatembeza shambani! Wakasimama hatua chache tu kutoka nilipochuchumaa. Baba mdogo akaanza kueleza habari za kila mgomba, huu wa kuchemsha, huu wa kuivisha, huu aliupanda marehemu kaka yake, yaani baba yangu, na mimi pale chini nimefunika moshi kwa kofia, siwezi kutoka wala kukohoa. Walipoondoka, badala ya kukimbilia jikoni nikawasha ya pili (msiniulize akili yangu ilikuwa wapi).

Narudi jikoni, nakuta chungu kimekauka. Moraa akachungulia mlangoni. "Baba Bosibori, kuna kitu kinaungua."

"Ni kuni mbichi," nikamjibu, na naapa niliamini hivyo. Nikamimina maziwa mengine, nikakoroga, vipande vyeusi vikapanda juu nikavizamisha. Nikaonja: kimya. Nikaongeza chumvi, nikaonja, kimya tena, nikaongeza nyingine. Tukapakua.

Baada ya maombi watu wakaanza kula, na ule mlio wa nyumba yenye chakula kizuri haukusikika. Baba mdogo alikuwa anakunywa maji kama aliyetoka kulima. Kwa kuwa wageni hawakujua Ekegusii, siku hiyo kila mtu alikuwa amevaa Kiswahili chake kizuri, na shangazi yake Otieno, mama mmoja mnene mwenye heshima zake, akaweka tonge chini akasema, "Mwanangu mpishi, nauliza tu nijue. Nyinyi huku mboga mnaikausha kwa moshi kwanza, kama sisi tunavyofanya samaki?"

Hapo ningesema pole ningeokoka. Lakini mimi? "Shangazi, hiyo ndiyo ladha yenyewe ya Kisii, ni kuzoea tu!" Nikajipakulia sahani ya kufurika, nikala nimesimama katikati ya nyumba, natafuna kwa raha, nalamba vidole. Maskini Otieno, akitaka kuwapendeza wakwe, naye akamega tonge kubwa, akameza, machozi yakamtoka. Kwamboka akainamisha uso akaufunika kwa leso.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Akaagiza chungu kiletwe, akanisukumia usoni. "Nusa."

Nikainama nikavuta pumzi. "Nasikia mboga, Mama."

Ile pumzi ikaamsha kikohozi, nikakohoa nimekunjika, na pakiti ya sigara ikateleza kutoka mfukoni ikatumbukia ndani ya chungu, mbele ya wakwe na mzee wa kanisa. Kuna aliyecheka. Halafu akanyamaza, kwa sababu Mama alikuwa akinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto mwenye homa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipokuwa Nyamira, Mama, nilianza tu kwa..."

"Sijakuuliza sigara. Nakuuliza, tangu lini pua yako haisikii?"

Nikaishika pua. Ilikuwa imeondoka polepole bila kuniaga, na mimi nikaendelea kuishi nikidhani dunia ndiyo iliyochakaa, kwamba chai si kama ya zamani na ndizi si kama za zamani.

Shangazi yule akadakia. "Mume wangu alivuta mpaka akawa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Tulimzika. Wewe bado unaweza kusimama. Acha." Kisha akageukia wengine. "Na sasa tuleteeni ndizi, tuna njaa." Watu wakacheka, safari hii kwa upole, na uchumba haukuvunjika.

Mimi niliacha, ila msidhani ni kwa siku moja. Muuguzi kwenye zahanati alinisikiliza kifua akaniambia mapafu yatapata nafuu na pua huenda ikarudi, lakini moshi uishe kabisa. Nilitafuna miwa mpaka fizi zikauma, niligombana hata na kuku, kuna mahali nilianguka nikaanza upya. Kikohozi kikapungua. Kilima nikakipanda bila kutazama mashamba ya watu.

Kisha asubuhi moja nikaamka, nikasikia harufu mbaya chumbani, chachu, kama majivu yaliyonyeshewa. Nikatafuta panya aliyekufa. Nikafuata pua yangu mpaka nyuma ya mlango, ilipotundikwa koti langu kuukuu.

"Moraa," nikasema, "hivi ndivyo nilivyokuwa nikinuka?"

Akacheka, akajifunika blanketi. "Na hapo limeshapigwa upepo."

Nikakaa kitandani nimelishika lile koti. Watu husema kichwa cha mtoto mchanga kina harufu yake, ambayo mzazi haisahau mpaka kaburini. Mimi nimebeba wangu wote, nikawalaza kifuani, na sina ninachokumbuka. Sasa ni wakubwa, wananuka sabuni na marashi ya mjini. Hilo halirudi, hata niache mara ngapi. Lakini nimeapa, na Moraa ni shahidi: Bosibori akijaliwa mtoto, mjukuu huyo atapokelewa na babu mwenye pua.