Sindano Alizoziacha Nudrat

Kiu ndiyo iliyoanza. Nudrat alikuwa na miaka kumi na moja, binti wa pekee wa Ilyas, fundi wa mapangaboi katika karakana moja mjini Gujranwala, na kiangazi kile alikuwa akimaliza mtungi wa maji wa nyumba nzima kabla ya adhuhuri. Alikunywa, akaenda chooni, akarudi kunywa tena. Mwili ulimkauka mpaka bangili zake zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko. Bibi yake mzaa baba, mjane wa mcheza mieleka aliyesifika mtaa mzima, alimtazama akasema, "Huyu amepigwa kijicho. Damu ya wacheza mieleka haikondi hivi." Wakamzungushia pilipili kavu kichwani mara saba, wakazitupa motoni. Siku ya tatu akaanguka bafuni.

Hospitali alipokelewa na daktari mwanamke, Shagufta, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi. Aliwaeleza wazazi kwa upole, lakini hakuwaficha neno. "Ni kisukari aina ya kwanza. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Si kosa la mtu, wala si peremende. Ataishi kama watoto wengine, ila atachoma insulini kila siku ya maisha yake. Akiiacha, mtamzika."

Insulini ikamrudishia mtoto nyama zake. Ikamrudishia na nyingine juu yake, maana baada ya miezi ya njaa mwili ulikuwa unashika kila tonge. Bibi alifurahi, akamwita ua la nyumba. Binamu zake wao wakamwita Laddu, kwa jina la lile donge tamu la mviringo linalogawiwa harusini, ambalo yeye peke yake alikatazwa. "Laddu haruhusiwi kula laddu!" wakawa wanacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu mtoto asipocheka anaambiwa ana hasira.

Alipofika miaka kumi na saba akapata homa wiki ya mitihani, akawa anazisahau sindano. Siku kadhaa tu. Alipona homa, akavaa nguo ya Idi, na nguo ikampwaya. Mama yake mdogo, Khala Nusrat, akamgeuza mbele ya wageni kama kitambaa dukani. "Mashallah, hebu mwoneni Laddu wetu. Kumbe kulikuwa na msichana humo ndani."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno tamu kama lile. Nudrat akaenda chumbani, akaikalisha ile sentensi moyoni, akaihesabu pamoja na zile sindano alizozisahau, akapata jibu. Jibu hilo lilimtia hofu kwa muda mfupi tu. Baadaye likamtia raha.

Hivyo ndivyo alivyoanza kupunguza dawa makusudi, akichoma kidogo tu cha kumfikisha kesho. Hakujinyima chakula. Nyumbani hakuna aliyeweza kusema Nudrat hali, maana Gujranwala ni mji ambao watu wake hujisifia kula, na mtoto asiyekula huitiwa mganga. Alikula chapati za samli, akala nyama ya mchuzi mzito, akala hata wali wa mtu mwingine uliobaki, na mwili haukushika kitu. Sukari ilizunguka kwenye damu haina pa kuingia. Mama yake, ambaye yeye alimwita Ammi, alikuwa amemwachia mambo ya dawa tangu alipotimiza miaka kumi na tano, akaona fahari kwamba binti yake ni mtu mzima anayejichunga. Akimuuliza, "Umechoma?" Nudrat hujibu, "Nimechoma, Ammi," bila kugeuza uso. Uongo wa kwanza ulimnyima usingizi. Baada ya mwaka hakuusikia tena ukitoka.

Alipata kazi katika duka la nguo za harusi la Riffat, ambaye wote walimwita Baji, yaani dada mkubwa. Hapo alipima mabibi harusi viuno, mabega na vifua, akaandika, akashona shanga kwenye vitambaa vyekundu. Siku nzima alisikia wanawake wakijisema vibaya. "Niandikie kiuno kidogo zaidi, nitapungua kufikia siku yenyewe." "Usimtajie mama mkwe wangu hiyo namba." Wote aliowapima walimtazama yeye kwa wivu, wakamuuliza anakula nini. Akawajibu, "Ni maumbile tu, dada."

Maumbile hayo yalikuwa yanamla. Nywele zilimtoka, zikawa zinaziba kitundu cha maji bafuni, akaziokota kabla Ammi hajaziona. Usiku vigimbi vya miguu vilimkaza hata akauma foronya ya mto. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano ya kushonea. Tundu lenyewe lilikuwa na ukungu. Miguu ilimchoma kama amekanyaga majivu ya moto. Na pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, akawa anatafuna iliki kutwa.

Daktari Shagufta aliiona sukari ya damu yake ikipanda kila baada ya miezi mitatu. Safari moja aliiweka karatasi ya majibu ya kipimo mezani.

"Nudrat, kati yako na karatasi hii kuna mmoja anayenidanganya."

"Mashine ya nyumbani mbovu, daktari."

"Sawa. Na macho nayo mabovu? Nimeona damu nyuma ya jicho la kushoto. Una miaka ishirini na mbili." Akashusha sauti. "Wasichana wengine wamewahi kukaa kwenye kiti hicho. Waliogopa kunenepa. Nikisema hivyo nakosea?"

Nudrat aliangalia kiatu cha daktari. Mlango ulikuwa wazi, neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye ulimi, akalimeza. "Unakosea," akasema. Lakini akaahidi kujaribu.

Akajaribu kweli. Kwa siku tisa alichoma dawa yote, kama alivyoandikiwa. Mwili uliokaa na ukame ukaanza kushika maji ghafla. Nyayo zikavimba, uso ukajaa, pete ikagoma kutoka kidoleni. Siku ya tisa alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaitazama miguu yake, ambayo haikuwa yake, akalia mpaka akatapika. Alijua atakufa asipochoma. Alilijua kama anavyojua jina lake. Na bado mkono ulikataa. Hakuna aliyemshika mkono huo, na ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba hakuna wa kumlaumu. Siku ya kumi akaipunguza tena.

Ndipo posa ilipokuja. Watu wa mji wa Wazirabad, wafanyabiashara wa visu na vyombo vya chuma, walikuwa na kijana wao anayeitwa Waqas. Alipokuwa na miaka kumi na sita posa nyingine ilikuwa imekuja ikaondoka, na maneno yakaletwa kwa mzunguko kwamba msichana ni mzuri ila mzito. Safari hii mama wa kijana, Khala Tasneem, alimtazama Nudrat akileta chai, akamwambia Ammi, "Mwembamba, mpole, ana kazi ya mikono. Tutake nini tena?"

Wageni walipoondoka Ammi akamshika bega. "Kuhusu sukari yako, tusiseme kitu kwanza. Ukishazaa mtoto mmoja watazoea."

"Na wakiniona nachoma?"

"Utachoma chooni. Wanawake wangapi wanaficha makubwa kuliko hilo?"

Ilyas alikuwa amekaa pembeni, anakwangua vumbi la chuma kwenye kucha zake. Aliyasikia yote, akaendelea na kucha zake. Basi nyumba nzima ikaficha ugonjwa wa Nudrat, na Nudrat akaificha nyumba nzima kile alichokuwa anaufanyia huo ugonjwa. Waqas alikuwa akimpigia simu kila alasiri, kijana mchangamfu. "Mama anasema utapeperuka na upepo," alimwambia siku moja akicheka. "Usiwe na wasiwasi, feni ya baba yako tutaiweka mwendo wa kwanza." Nudrat akacheka naye, ulimi umekauka, glasi ya tano ya maji mkononi.

Vazi la harusi lilishonwa dukani kwake mwenyewe. Baji Riffat alikuwa amelipunguza mara mbili. Wiki tatu kabla ya harusi, asubuhi, Khala Tasneem alikuja na Ammi kuliona mwilini. Baji Riffat akamwingiza Nudrat nyuma ya pazia, akafunga kamba za mgongoni, na kitambaa kikabaki kinaning'inia.

"Nimepima wanawake miaka ishirini," akasema kwa sauti ya chini. "Anayejinyima chakula namjua, hawezi hata kuangalia sahani ya mwenzake. Wewe unakula hapa mbele yangu, unakula kwa ajili ya watatu, na unaisha. Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, Baji."

"Na mbona unahema hivyo?"

Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi za mnara. Tangu alfajiri tumbo lilikuwa linamkata, alikwisha kutapika mara nne, akasingizia samosa. Alinyoosha mkono ashike pazia, akalishika, likashuka naye. Khala Tasneem alimkuta mkwewe chini, katikati ya nguo nyekundu, macho wazi na hayaoni.

Walimpakia kwenye bajaji, Baji Riffat amemlaza mapajani. Kwenye mlango wa dharura, muuguzi aliinusa pumzi yake mara moja tu. "Kisukari. Ana kisukari tangu lini?"

Ammi akavuta mtandio usoni.

"Mama, nauliza tangu lini? Insulini ya mwisho amechoma saa ngapi?"

"Tangu ana miaka kumi na moja," Ammi akasema, akiangalia sakafu.

Nudrat alilisikia hilo kutoka mbali, kama anayesikia watu wakiongea ng'ambo ya ukuta. Alimsikia pia Khala Tasneem akivuta pumzi, kisha viatu vyake vikiondoka polepole kwenye ukumbi. Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua. Yeye hata kilio hakuwa nacho.

Alikaa siku nne na mirija mwilini. Mbili za mwanzo hakuna aliyekuwa na hakika naye. Siku ya tano Ammi alikuja na uso uliokauka, akakaa.

"Wamevunja uchumba. Kwa simu wamesema, hata hawakuja. Tasneem anasema tumemuuzia kisu chenye ufa." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Na daktari ananiambia hujachoma dawa vizuri kwa miaka. Mimi nimemwambia haiwezekani, binti yangu najua anachoma. Mwambie, Nudrat. Mwambie amekosea."

"Hajakosea."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Nikichoma nanenepa, Ammi."

Ammi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. "Kwa ajili ya hilo? Ulitaka kufa kwa ajili ya hilo?"

"Sikutaka kufa. Nilitaka mniangalie kama mlivyoniangalia ile Idi."

Yule aliyesema maneno ya Idi alikuwa dada yake, lakini aliyeyarudia kwa majirani wote mpaka yakachakaa alikuwa yeye. Akainuka, akaenda dirishani, akampa binti yake mgongo ili asimwone. Hakuomba msamaha siku ile. Hakuomba baadaye pia. Ila kuanzia hapo mtu yeyote akiutaja mwili wa Nudrat mbele yake, kwa sifa au kwa kejeli, humwambia, "Zungumza kingine au nenda kwenu." Khala Nusrat alikasirika, akasusa kwao miezi miwili.

Laiti kusema kungekuwa kupona. Daktari Shagufta alimrudishia dawa kidogo kidogo, akamtafutia mshauri wa kike wa kuzungumza naye Lahore mara moja kwa mwezi, akamwonya mapema: "Utavimba. Ni maji, yatashuka. Siku utakayoshindwa nipigie, usinidanganye." Alivimba. Maji yalichukua wiki nyingi kushuka, na si yote yaliyokuwa maji. Mashavu yalirudi, nyonga zikarudi. Nyumbani walifunika kioo kirefu, naye akakifunua, akakifunika tena. Kuna siku alikaa na sindano iliyojazwa mpaka chai ya mchana ikapoa. Kuna siku alishindwa, akapiga simu. Kuna siku alishindwa, hakupiga. Majira ya baridi yaliyofuata alilazwa tena, siku mbili, na mara hii Ammi ndiye aliyemjibu muuguzi kabla hajaulizwa.

Ilyas hakuwa mtu wa maneno. Alianza kurudi kutoka karakana saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka thelathini. Ananawa mikono, anakaa mkekani karibu na binti yake. Siku moja Nudrat akamuuliza, "Baba, unakuja kunilinda?"

"Naja kula," akasema. Kisha, akisogeza sahani, "Peke yangu kule chakula hakishuki."

Sasa Nudrat ana miaka ishirini na sita. Jicho la kushoto limechomwa mionzi mara tatu na bado lina kivuli katikati. Kazi ya shanga ameiacha, anakata vitambaa na kuongoza wasichana wapya. Waqas alioa. Posa nyingine imekuja mara moja, wakaambiwa ukweli kabla ya chai, wakanywa chai wakaenda. Hakulia. Alivua viatu alivyovaa kwa ajili ya wageni, akaketi penye mkeka, baba yake akasogea kumpa nafasi. Akatoa dawa. Akaishika muda mrefu, mrefu kuliko jana, chapati zikiwa zinapoa katikati yao, na Ilyas naye hakumega. Mwishowe akainua pindo la nguo, akachoma.

"Haya, kula," baba yake akasema.

Akala.