Siku Bibi Wino Alipokosa Neno

Wodini walimwita muuguzi huyu Bibi Wino, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita faili zake zilisomwa kama barua. Hakumumunya maneno: mgonjwa mpiga kelele aliandikwa msumbufu, basi. Kompyuta ilipoletwa na orodha yake ya maneno ya uuguzi, yaleyale kwa wauguzi wote, alinuna wiki nzima. Yaani amesomea kuandika, halafu uzeeni anaambiwa achague!

Asubuhi hiyo fundi cherehani wa kitanda cha nne, aliyepasuliwa ngiri jana yake, aliwakosesha wenzake amani. Alivuta mashuka, akaitukana dripu, akamfukuza mkewe. Daktari alikuwa ameacha ruhusa: akizidi, apigwe sindano ya kumtuliza. Bibi Wino akaiweka sindano tayari kwenye trei, akaketi kwenye kompyuta aandike sababu.

"Msumbufu" halikuwemo. Akapekua orodha juu mpaka chini, akisonya. Lililokaribia lilikuwa "Kutotulia", akalibonyeza kwa hasira. Kumbe kila neno lina maswali yake, na bila majibu mashine haisogei. Ana maumivu kiasi gani? Akajaza. Amekojoa mara ya mwisho saa ngapi?

Hapo akakwama. Angeweza kubuni saa, na nani angejua? Lakini hakuwa mtu wa kuandika uongo, hata akiwa amenuna. Akajikokota mpaka kitanda cha nne.

"Baba, umekojoa lini?"

Fundi akageukia ukuta. "Mambo hayo nimwambie mwanamke?"

"Mwambie muuguzi."

"Jana. Kabla hamjanipasua."

Bibi Wino akamgusa chini ya kitovu. Pamevimba, pamekaza kama ngoma. Zilikuwa zimebaki dakika tano tu amlaze mtu huyu kwa sindano, kibofu kikiwa kimejaa hivyo. Akampigia daktari, akavuta pazia, akamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa. Fundi akashusha pumzi ndefu, akaanza kumwomba radhi, na kabla hajamaliza usingizi ukamchukua.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba kifuani, akiusikiliza ule ukimya.

"Dada, mbona kanyamaza?"

"Amelala, mdogo wangu. Anakoroma."

Mama wa watu akaangua kilio cha furaha. Bibi Wino akaketi kando yake, akalia naye.