Eda ya Mume Aliye Hai

Siku hizi watoto wa shule hunijia kuniuliza habari za vita vya uhuru. Hutarajia mapanga na risasi. Mie bunduki siijui hata hushikwa wapi. Vita vile nilivipigana nimekaa kitako mkekani, nimejifunika nguo nyeupe, mlango umefungwa. Nikiwaambia hivyo huangaliana, wakaona bibi akili zimemruka. Haya, na waone hivyo.

Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi hapa Munje. Serikali ilipokuja Kwale kuandika askari wa jeshi, naye akaenda na wenziwe, kwa tamaa ya mshahara na kwa ujana. Nikamwambia, "Wee, minazi haipigi mtu risasi." Akacheka. Alirudi likizo mara moja tu, na viatu vyake vinavyolia kila akikanyaga, kisha akaondoka, na mwaka ukageuka hatujamwona. Tukasikia wamepelekwa bara, kwenye milima ya Nyandarua, kupigana na watu wa msituni. Serikali ilituambia watu hao ni wanyama, wanakunywa damu. Hakuna aliyetuambia kwamba walikuwa wanataka ardhi yao. Hilo nilikuja kuambiwa na mume wangu mwenyewe, kwa kunong'onezwa.

Siku chifu alipokuja, alivua kofia kabla ya kubisha hodi. Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, aliiona ile kofia mkononi akaanza kulia kabla hajaambiwa neno. Chifu akasema kumekuwa na vita vikubwa ndani ya msitu wa mianzi. Kikosi cha mwanetu kilizungukwa, wengi wakauawa, na maiti yake haikupatikana. Serikali imeshamhesabu miongoni mwa wafu. "Mwenyezi Mungu awape subira," akasema, akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Tukasoma hitima bila kaburi. Nami nikaingia eda. Mke akifiwa, sheria yetu humweka ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni wala haingii alipo. Mavyaa akanitandikia mkeka chumba cha ndani, kando ya kitanda changu, akatundika pazia mlangoni. Nikakaa humo na machozi yangu. Kusema kweli, nililia mpaka nikachoka kulia.

Ijumaa moja, wanaume wote wakiwa msikitini, akaja mwanamke wa buibui kutoa rambirambi. Mrefu, hodi yake haisikiki vizuri. Mavyaa akamruhusu, maana mgeni wa msiba harudishwi. Yule mwanamke akaingia hadi chumbani, akakaa karibu yangu mno, akafunua uso. Alikuwa na ndevu.

Nilitaka kupiga kelele. Mume wangu akaniziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kile nikakijua, kwa sugu zake za kukwea. Lahaula! Sikujua kama nimshukuru Mungu au nimkimbie mzuka. Mavyaa alipoingia na kikombe cha maji, kikombe kilimtoka. Wa kwanza kusema alikuwa yeye. "Usilie. Ukilia kwa furaha watu watakuja kutazama."

Mume wangu alikuwa ametoroka vitani. Buibui alipewa na mamake mdogo, Mombasa, ndilo lililomvusha kivuko cha Likoni. Kwa siku zile, askari aliyetoroka huku bunduki za Serikali bado zinalia alijua mwisho wake, na hata kama sheria ingemwonea huruma, sisi hatukuijua sheria hiyo. Tulichokijua ni kamba ya kunyongea. Basi mavyaa akakata shauri papo hapo. Mwanawe alikuwa maiti kwenye hesabu ya Serikali, na abaki maiti. Na pahali pa pekee Munje nzima ambapo mwanamume hangethubutu kuchungulia palikuwa nyuma ya pazia langu.

Hivyo ndivyo nilivyomkalia eda mume wangu naye amelala chini ya kitanda changu.

Alikuwa akinisimulia vita vile mdomo wake ukigusa sikio langu. Baridi ya mlimani, aliniambia, hukata vidole hata usijue kama unashika mti wa bunduki au mkono wako mwenyewe. Ukungu ukishuka kwenye mianzi huoni mwenzio aliye mbele. Siku ya vita vile vikubwa, ndege ziliangusha mabomu tangu alfajiri, tembo wakakimbia ovyo wakawakanyaga watu wa pande zote mbili, kisha risasi zikatoka kulia na kushoto, na wenziwe wakaanguka mbele yake mmoja mmoja. Yeye akatumbukia korongoni, akabaki huko mpaka usiku, kisha akashika njia ya kurudi pwani. Lakini si hilo lililomtorosha. Kabla ya hapo walikuwa wakiamriwa kukata viganja vya maiti za watu wa msituni na kuvitia mfukoni, vikachukuliwe alama za vidole kambini. Mume wangu huyu ndiye aliyemwosha babake mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu na karafuu maiti, kwa upole kama anayemwosha mtoto. Alipofika hapo kwenye hadithi alijipangusa mikono kwenye kikoi, akajipangusa tena. Nilimwogopa, wallahi. Nilimpenda na nilimwogopa.

Hofu ilikaa nasi ikawa ya tatu chumbani. Jirani akikohoa, moyo wanilipuka. Na yeye alikuwa na kikohozi, alikileta kutoka mlimani, hakikumwacha. Kikimjia alijifunika mto, nami nikakohoa kwa sauti ili kukifunika chake. Wanawake wakaanza kusema mjane amedhoofika kifua, maskini. Tena wakashangaa anavyokula. Mavyaa alikuwa akipeleka ndani sinia la wali na papa mkavu, likarudi jeupe. Wifi yangu mmoja akasema, "Mie nikifiwa sitaweza kumeza hata uji, huyu mwenzetu anafukia!" Mavyaa akamjibu, "Majonzi nayo yana njaa yake. Ngoja ufiwe."

Kisha wakaja askari. Walikuwa wakiwasaka vibarua wa bara waliotoroka mashamba ya miwa huko Ramisi, maana siku zile kuwa mtu wa bara ilikuwa kosa tosha. Walipekua nyumba hata nyumba, wakimwaga mahindi, wakidungadunga makuti ya dari kwa singe za bunduki. Nilisikia buti zao uani kwetu. Mume wangu chini ya kitanda akanishika kifundo cha mguu, akakibana hata nikahisi mfupa. Sikuweza hata kusoma Ayatul Kursi, aya niliyoijua tangu utotoni.

Mavyaa alisimama mlangoni. Mzungu kijana akasema kitu, mkalimani akamtafsiria kwamba ni amri, nyumba zote. Mavyaa akasema, "Ndani mna mwanamke wa eda. Mumewe kawafia nyinyi vitani, na nyinyi ndio mnaokuja kumvunjia eda? Atakayevuka kizingiti hiki, mie nitavua nguo hapa mbele yake, utu uzima huu, aone alikotoka mamake. Ndipo atajua laana ni kitu gani."

Akashika pindo la leso yake. Nilisikia buti zikirudi nyuma. Mzungu akauliza kuna nini, lakini askari wake, wa pwani na wa bara, wote walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza. Wakapita nyumba ya pili. Mavyaa akaingia ndani, akakaa sakafuni, akajikojolea. Sikupata kumwona akiogopa kabla ya siku ile.

Sasa sikia lililofuata, maana askari walikuwa afadhali. Mwezi wangu ulipita bila kuniona. Nikasema ni hofu. Ukapita wa pili. Asubuhi moja harufu ya samaki ikanigeuza tumbo, nikajua. Mjane, mume kaenda zake mwaka juzi, na tumbo linaanza kutuna ndani ya nguo nyeupe! Nilimpiga mume wangu ngumi za kifua, kimya kimya, nikilia. "Umetuua," nikamwambia. "Umetoroka risasi kuja kutuua hapa."

Mimba si pete uifiche kidoleni. Wifi aliona, akasema, na kabla ya eda kutimia mjomba wa mume wangu alikuja na wazee, pamoja na mwalimu wa chuo aliyetufundisha Kurani sote. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mpwawe, akiwa hai au kafa. Wakakaa chumba cha nje. Kati yangu na wao palikuwa na lile pazia tu, na ubavuni mwangu mume wangu, jasho linamtiririka.

"Mimba ni ya nani?" mjomba akauliza.

"Ya mume wangu," nikasema.

"Mume wako kaondoka hapa mwaka juzi. Au mlimani kuna njia ya kuja usiku na kurudi?"

Watu wengine wakacheka. Nikaona mume wangu anainuka. Alikuwa tayari kutoka, aseme ni yeye, heshima yangu ibaki na shingo yake iende. Nikamkalia mapajani kwa uzito wangu wote, nikamshika ndevu, nikatikisa kichwa. Na wakati ule ule kikohozi kikamshika. Nikakohoa nami, nikakohoa mpaka machozi, nisijue sauti ya nani ilisikika.

Kisha mwalimu akasema, taratibu, kama yuko darasani, "Madhehebu yetu yanasema mimba yaweza kulala tumboni mwa mama hata miaka minne. Mume alikuja likizo mwaka juzi. Minne haijafika."

"Mwalimu!" mjomba akamaka. "Mimba ni mgeni wa kulala na kuamka apendapo?"

"Ililala, huzuni imeiamsha. Ndivyo vitabu visemavyo, si mimi. Wewe ukiwa na neno jingine, leta mashahidi wanne walioona. Unao?"

Hakuwa nao. Akasonya, akatoka, na wazee wakamfuata. Mwalimu akabaki nyuma kutafuta makubadhi yake, muda mrefu kwa mtu mwenye makubadhi jozi moja. Akasema kwa pazia, "Mwanangu, eda ya mja mzito huisha anapojifungua, kwa hiyo mmeongezewa muda. Lakini kifua hicho kinataka asali na tangawizi. Na kabla wakunga hawajajaa humo ndani, mwenye kifua awe keshakwenda zake. Assalamu alaikum."

Mume wangu akaitikia salamu. Kwa sauti, ya kiume. Nadhani hakujua amefanya hivyo.

Kuanzia hapo sikulala. Mwalimu alikuwa mwema, lakini hapa Munje mtu wa nne kaijua siri, na siri ya wanne ni ya mji. Mume wangu aliomba angoje mtoto, amsomee adhana sikioni kama baba yeyote. Nilimkatalia. Alilia, nikamkatalia tena. Siku ya maulidi, wageni walipokuwa wakimiminika kutoka vijiji vya mbali, nikamfunga kilemba cha mgeni, mavyaa akamtia mkate wa mofa mfukoni, tukamsukuma nje kweupe, katikati ya watu. Alielekea kusini, njia ya Vanga, avuke Tanganyika. Nilitega sikio siku nzima nisikie mlio wa bunduki. Nilichosikia ni kasida tu.

Nilizaa mtoto wa kike, kichwa chake kile kile cha babake. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemsomea adhana, uso umemvimba. Nikatolewa eda, nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikavikwa leso mpya, wanawake wakapiga vigelegele kwamba sasa niko huru kuolewa. Nilisimama katikati yao nikitetemeka, wakasema ni baridi ya maji.

Uhuru ulipokuja, waliojificha walitoka. Nilifagia uwanja, nikapika, nikakaa nikiitazama njia ya Vanga. Nilifanya hivyo siku nyingi. Hakuja mtu, wala salamu. Posa zilikuja, nikazikataa zote, watu wakanisifu kwamba nilimpenda sana marehemu. Mavyaa alipokuwa akikata roho alinivuta karibu, akaniuliza, "Yu hai?" Nikamwambia, "Yu hai, mama." Akafurahi, akafa.

Sijui kama nilimdanganya. Nimekwisha kumkalia eda akiwa hai, akipumua chini ya kitanda changu. Akiwa amekufa kweli, kwenye nchi nisiyoijua, basi eda yake bado ninadaiwa, na mimi sijui niihesabu tangu siku gani.