Mduara Wangu na Vipimo vya Mama Generoza

Jamani, mkasa huu nausimulia huku uso ukinichoma, maana aliyeaibika siku ile hakuwa mlevi wala mwizi, alikuwa mimi, karani wa takwimu niliyevimba kichwa kwa sababu Karagwe nzima (nilivyodhani) hakuna mwingine aliyejua kuichoresha kompyuta.

Ilikuwa miaka ya tisini, mradi wetu ukipima damu ya wajawazito kwa njia mbili: Mama Generoza, muuguzi wa zahanati kwa miaka mingi, alidondosha tone la damu kwenye karatasi akalilinganisha na rangi za kadi zenye namba, na mashine mpya ikapima tone lingine la mama yuleyule, kabla ya vidonge vya kuongeza damu na baada yake. Swali lilikuwa moja tu: je, njia zote mbili zinaona badiliko lilelile? Kazi yangu ilikuwa kuchora mduara, kila mama na alama yake. Umbali kutoka katikati ni ukubwa wa badiliko, pembe ni kukubaliana kwa vipimo. Damu ikipanda na vipimo vikikubaliana, alama hukaa pamoja juu kulia kama vifaranga.

Asubuhi ya mkutano dizeli ya jenereta ilikuwa inaishia, nami nainuka, naketi, nachungulia tangi, narudi, mara mduara huo ukatokea, alama zimetapakaa pande zote kama maharage yaliyomwagika. Nihakikishe japo moja kwa mkono? Aa, nikasema, kompyuta haidanganyi, nikachapisha nikakimbia.

Ukumbini nikaubandika ukutani mbele ya daktari kiongozi wetu, wauguzi, na akina mama waliojaa hadi madirishani, nikatamka (nikikumbuka natamani ardhi inimeze), "Karatasi za Mama Generoza hazina tofauti na ramli."

Mama mmoja mwenye tumbo kubwa akauliza, "Kwa hiyo aliposema damu yangu imepanda, alinidanganya?" Wenzake wakaanza kubishana kwa Kinyambo, wawili wakajifunga khanga vizuri wakaondoka, na daktari akaagiza karatasi zote za kupimia zikusanywe, zisitumike tena. Ndipo Mama Generoza akasimama, wala hakupaza sauti.

"Mwanangu, nionyeshe alama ya mama mmoja tu, Adelina."

Nikaionyesha, chini kulia.

"Kukaa chini maana yake nini?"

"Karatasi inasema damu imepanda, mashine inasema imeshuka."

Akafunua daftari lake. "Karatasi yangu ilipanda kwa mbili. Mashine yako?"

Nikatazama orodha ya mashine. "Ilipanda pia, Mama. Pungufu kidogo tu ya mbili."

"Sasa kilichoshuka ni nini?"

Nikaazima kipimapembe cha mwalimu wa shule jirani, nikachora upya ubaoni kwa chaki, Adelina, wa pili, wa tatu, na wote wakakusanyika mahali pamoja, watu wananitazama mgongo. Kumbe programu ile ilitaka pembe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, mimi nimeilisha digrii, ni kama kumtajia fundi futi yeye akakata kwa mita!

Daktari akafuta agizo lake. Nikamwendea Mama Generoza. "Nisamehe, Mama."

"Mimi nimekusamehe. Na wale wawili waliotoka?"

Kesho yake nikapanda baiskeli. Wa kwanza alinicheka hadi akashika mbavu, nikashukuru Mungu. Wa pili, kule Kihanga, alikuwa anamenya ndizi, hakuinuka.

"Vidonge nilivitupa mgombani," akasema. "Si ulisema ni uongo?"

Nilirudi zahanati na baiskeli yangu, nikaleta vingine siku hiyohiyo, nikasimama pale kwenye jua mpaka alipokubali kumeza kimoja. Alijifungua salama, lakini zile wiki za kusubiri mimi ndiye niliyekuwa silali.

Tangu hapo sibandiki mchoro wowote mbele ya watu kabla sijaweka alama tatu mwenyewe kwa kalamu, na hata nikishaziweka, namtafuta muuguzi nimuulize kwanza kama anawatambua watu wake.